Mwalimu Asiyependa Maswali

Kwanza niseme nilichomfanyia, usije ukanipenda bure halafu ukajuta. Nilifuta sauti ya mke wake. Mke mwenyewe alikuwa amezikwa miaka miwili nyuma, na kilichobaki cha sauti yake kilikuwa sekunde kumi hivi za mwanamke akiimba "aaa" bila maneno, kwenye diski moja ya mraba inayotosha kiganjani. Nilifuta mchana, nikiwa na akili zangu zote, na nilipomaliza nilijiona mwanafunzi mwema.

Sasa naweza kumwelezea mtu mwenyewe.

Tulimwita Mwalimu, basi. Alikuwa amefundisha shule ya msingi huko nyuma, na kanisani alikuwa akiongoza kwaya, lakini sisi hatukumjua kwa hayo. Tulimjua kwa chumba chake nyuma ya kinu cha posho, pale Makutano, mjini Meru, katikati ya miaka ya tisini. Ndani mlikuwa na kinanda cha umeme chenye tundu la diski ubavuni, alichoachiwa na mmishenari aliyerudi kwao, na kompyuta kuukuu ambayo chama cha ushirika cha kahawa kilikuwa kimeitupa stoo. Alikuwa ameviunganisha kwa waya aliolehemu mwenyewe. Ukibonyeza kitufe kwenye kinanda, kompyuta ilikumbuka ni kitufe gani, kimebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, na kimekaa chini muda gani. Kidole kimoja kikikosea uliweza kukirekebisha hicho hicho, bila kupiga wimbo wote upya. Leo mtoto anafanya hayo kwenye simu akiwa amelala chali. Wakati huo tulikuwa vijana sita wa miaka kumi na tano na kumi na sita, tuliotoka nyumba ambazo redio ilizimwa baada ya habari ili betri zisiishe, na siku ya kwanza hakuna aliyepata la kusema.

Isipokuwa Gatwiri. Gatwiri alisema, "Mwarimu, na hii ikikumbuka makosa yangu, inakumbuka mpaka lini?"

Mwalimu akamwambia atoke nje, asimame mlangoni hadi swali limtoke.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakupenda maswali. Si kwamba hakujua majibu. Nadhani aliona swali ni dalili kwamba hukuwa ukisikiliza alipokuwa akionyesha. "Masikio mawili, mdomo mmoja, vidole kumi," alisema. "Hesabu mwenyewe kazi iko wapi." Mimi nilipenda sheria hiyo. Nilikuwa mtoto wa kutii. Nyumbani nilisifiwa kwa hilo, shuleni nilipewa ukiranja kwa hilo, na kwa Mwalimu nilijua nimefika mahali pangu. Gatwiri alitoka mlangoni na kurudi ndani mara nyingi kuliko ufagio.

Hakukuruhusu kugusa mashine miezi mitatu ya kwanza. Ulipewa ubao. Alikuwa na mbao nne alizozichora vitufe vyeupe na vyeusi kwa rangi ya mafuta, na tuliketi kwenye benchi Jumamosi nzima tukigonga mbao hizo bila sauti yoyote ila ya kucha. Yeye alitupa mgongo, akichokonoa waya, na mara akasema, "Wa pili kutoka dirishani. Kidole cha nne kinachelewa." Tuliogopa. Baadaye sana nimefikiri kwamba pengine alikuwa akibahatisha, maana kati ya watoto wanne wanaogonga mbao lazima kuna kidole cha nne kinachochelewa. Lakini sijawahi kuwa na uhakika, na vidole vyangu vya nne hadi leo huwahi.

Adui yake mkubwa hakuwa sisi, alikuwa kinu. Kinu kikiwaka umeme ulishuka, taa ikawa nyekundu, na kompyuta ikajizima na kila tulichokuwa tumefanya. Kwa hiyo tulifuata ratiba ya mahindi. Wanawake wakipanga foleni na debe zao, sisi tulirudi kwenye mbao. Msagaji akienda kula, Mwalimu alipiga makofi mara moja na sote tukakimbilia mashine, tukawa na nusu saa. Halafu kulikuwa na unga. Ulipita chini ya mlango, ukapita penye mabati, ukakaa juu ya kila kitu. Diski ikiingiwa na unga hugoma kusomeka. Dawa yake ilikuwa kuisafisha kwa kitambaa, na ikiendelea kugoma, kuifuta yote iliyomo na kuiandaa upya, ikawa tupu kabisa. Diski ya namna hiyo tuliiita diski safi.

Hapo kuna jambo la maneno ambalo lazima ulielewe, maana kila kitu kilianguka kwalo. Mwalimu alikuwa Mmbeere, mtu wa huko chini Embu kunakokauka. Kimeru chake kilichekwa sokoni. Alikuwa akisema neno na watu wanajibu wakitabasamu. Kwa hivyo darasani alipiga marufuku Kimeru, akapiga marufuku na Kiingereza, kompyuta yenyewe ikiwa na Kiingereza kitupu. "Hapa tuongee Kiswahili," alisema. "Kwa Kiswahili sote ni wageni." Kila neno la kwenye kioo alilipa jina lake. Kuhifadhi tulisema kuweka. Wimbo ulipangwa kwa mistari, na kipande kinachojirudia kiliitwa mzunguko. Kutoa kitu kwenye diski kisiwepo tena, tulisema kufuta. Aliyeteleza akasema lile neno la Kiingereza alifagia unga wa wiki nzima. Baada ya mwaka mmoja mimi sikuwa nikisikia tena neno kufuta kama watu wengine wanavyolisikia. Mama akiniambia nifute meza, kwa nukta moja nilikuwa nikiona meza haipo.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Kanisani alikataza kwaya kutikisa mabega, na chumbani kwake alitufundisha midundo ya disko, akisimama nyuma yetu na uso wa mazishi huku mguu wake wa kushoto ukifanya mambo yake. Alituamuru tufanye nakala mbili za kila wimbo, moja ya sandukuni na moja ya kwenda nayo nyumbani. Lakini kulikuwa na diski ambayo haikuwa na nakala hata moja, nayo ilikuwa diski ya saba.

Kinanda kile kiliweza kunasa sauti ya sekunde chache na kuigawa juu ya vitufe. Ukinasa mbwa anabweka, unapiga wimbo kwa mbwa. Diski ya saba ilikuwa na mwanamke. Ukibonyeza chini alikuja mzito na wa polepole, ukibonyeza juu alikuja mwembamba kama mtoto, na katikati, kwenye vitufe vitatu au vinne tu, alikuwa mtu. Ulisikia hadi pumzi anayovuta kabla ya kuanza. Tuliipenda sauti hiyo kuliko ngoma zote. Tuliiweka kwenye kila wimbo, hata wimbo wa kipuuzi tuliotunga juu ya msagaji na tumbo lake. Mwalimu alituacha. Yeye mwenyewe hakuigusa. Akitaka kutuonyesha kitu na diski ya saba imo, aliitoa kwanza, akaweka nyingine.

Mama yangu ndiye aliyenifumbua macho. Alikuja siku moja kuniletea githeri kwenye bakuli, akasimama mlangoni Gatwiri akiwa anapiga, na bakuli likabaki hewani. Hakuingia. Njiani kurudi nyumbani Kinoru akaniambia, "Hiyo ni sauti ya bibi ya Mwalimu. Tulikuwa tunasimama pamoja kwa soprano. Huyo mtu ameweka maiti kwa mashini, na nyinyi mnacheza nayo."

Nikamwambia Gatwiri. Gatwiri, kama kawaida yake, akaenda kuuliza. Hakuuliza kama ni mke wake. Alisema, "Mwarimu, mbona hii ya saba haina nakala?" Sote tulingoja aambiwe atoke. Mwalimu alimtazama muda mrefu, kisha akaenda kukaza parafujo ambayo haikuwa imelegea. Nadhani ndilo swali pekee ambalo aliliacha likae ndani ya chumba.

Alianza kukonda mwaka uliofuata. Mke wake alikuwa amekonda vivyo hivyo, na watu wana kumbukumbu nzuri kwa mambo ya namna hiyo. Wakati ule ugonjwa haukutajwa jina. Walisema "hii magonjwa ya siku hizi," au walisema kifua. Kwaya ikapata kiongozi mwingine, naye Mwalimu akashukuriwa na kuombewa mbele ya kanisa zima na kuketishwa benchi ya nyuma. Wavulana wawili wa darasa letu wakakatazwa kuja. Alipotutembelea nyumbani mara moja, kueleza mama kwamba nina mkono mzuri na nisiachishwe, mama alimpa chai kwa heshima zote, na alipoondoka akakichukua kikombe kwa ncha za vidole na kukiweka peke yake juu ya dirisha. Kilikaa pale miezi. Kila nilipoosha vyombo nilikiona, nikakiacha. Mtoto wa kutii.

Ndipo ikaja wiki ile. Alikwenda kulazwa hospitali, akamwachia Gatwiri ufunguo kwa sababu Gatwiri aliishi karibu na kinu. Mezani aliacha karatasi. Naikumbuka yote, haikuwa ndefu: "Niko hospitali hadi Ijumaa. Unga umezidi. Futa diski zote, zirudi safi kwenye sanduku. Usiache hata moja."

Gatwiri aliisoma, akakunja uso. "Kufuta gani? Na kitambaa ama na mashini?"

"Kufuta ni kufuta," nikasema.

"Nyimbo zetu tuko na nakala. Na ya saba?"

"Amesema zote."

"Mimi sigusi. Kesho naenda hospitali kumwuliza. Na wewe usiguse."

Gatwiri akacheka, Kimeru kikamponyoka. "Baite, jamani, atanifukuza kwa kitanda ya hospitali."

Akatoka kwenda kuteka maji, akaniachia ufunguo nifunge nikimaliza mazoezi. Msagaji alikuwa amekwenda kula. Nilikuwa na nusu saa ya umeme mzuri. Nitasema ukweli wote: sikufanya kwa kukosa akili. Nilifikiri. Nilifikiri kwamba Mwalimu yuko karibu kufa, na kwamba ameamua kumwachilia mke wake, kama watu wanavyogawa nguo za marehemu siku ikifika. Nilifikiri amesema usiache hata moja kwa sababu anajua mikono yetu itasita kwenye ile moja. Niliona ni amri ngumu, na kwamba ametafuta mtu wa kuitekeleza bila kumwuliza, na kwamba mtu huyo ni mimi. Nilifuta ya kwanza hadi ya sita. Nilipoweka ya saba nilibonyeza kitufe cha katikati mara moja, akaimba, nikaondoa kidole. Kisha mashine ikauliza kama nina hakika. Ilikuwa na desturi hiyo. Nikajibu ndiyo.

Kisha nikachukua kitambaa, nikapangusa unga na kuzipanga sandukuni. Kesho yake nilimrudishia Gatwiri ufunguo; hospitalini hawakumruhusu kumwona Mwalimu.

Ijumaa tulikuwa wanne chumbani alipoingia. Alikuwa mwembamba hadi shati lilikuwa likitembea peke yake. Alikaa, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, mbele yetu, akatoa diski ya saba akaiweka mwenyewe. Nadhani huko wodini alikuwa ameamua jambo. Akaweka kidole katikati. Hapakuwa na kitu. Akajaribu kitufe kingine, na kingine. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Sisi tulikuwa tukisikia vitufe vikigonga, vile vile kama mbao.

Akageuka. "Nani alikuwa na ufunguo?"

"Mimi, Mwarimu," Gatwiri akasema.

Halafu Gatwiri akaniangalia. Hakunisonta, hakufungua mdomo. Aliniangalia na kungoja, akinipa nafasi, na ilikuwa nafasi ndefu. Nilisikia msagaji akikohoa upande wa pili wa ukuta. Mwalimu alikuwa ameokota ile karatasi mezani, anaisoma. Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati. Mimi niliangalia sakafu.

"Nenda," akamwambia Gatwiri. "Usirudi hapa."

Na Gatwiri, aliyeuliza kila kitu tangu siku ya kwanza, siku hiyo hakuuliza kitu. Aliweka ufunguo mezani, akatoka.

Darasa liliendelea miezi mitano mingine, nami nikawa wa kwanza ndani yake, maana aliyekuwa akinizidi ameondoka. Alinifundisha yote aliyokuwa nayo, kwa haraka. Alinipa kinanda alipohama. Kazi ninayofanya hadi leo, ya kurekodi kwaya kanisa hadi kanisa, ilitoka kwenye miezi ile mitano. Gatwiri aliacha shule mwaka huo huo, akaenda Laare kwa shangazi yake kufunga miraa, akaolewa huko. Watu waliomwona walisema anafunga haraka ajabu, vidole havionekani. Sikuwahi kwenda kumwona.

Miaka ya tisini ikiwa inaelekea kuisha nikasikia Mwalimu bado yuko hai, kwa dada yake, huko Mbeere. Nilikwenda. Nilikuwa nimejipa sababu nyingi, nikabeba majani na sukari na mkate, lakini nilikwenda kwa sababu moja tu, kwamba nilitaka anisamehe kabla hajafa, nami nilale.

Dada yake alikuwa akipura ndengu uani. Akanitazama mkoba, akanitazama viatu, akasema, "Wewe ndio wa kutoka Meru? Karibu, mwanangu. Hakuna mwingine amekuja." Akanipeleka nyumba ndogo, akaniachia kigoda na kurudi kwa ndengu zake.

Mwalimu alilala ubavu, amefunikwa hadi shingoni kwenye joto lile. Tulisalimiana. Aliniuliza kama kinanda bado kinafanya kazi, nikasema ndiyo. Aliniuliza kama nafanya nakala, nikasema mbili. Kisha nikaona nikichelewa nitakunywa chai na kuondoka na jambo lililonileta.

"Mwalimu, ile siku ya diski. Haikuwa Gatwiri. Ni mimi nilifuta."

"Najua," akasema.

Nje fimbo ilikuwa ikipiga ndengu, inatulia, inapiga tena.

"Gatwiri angeuliza," akasema. "Huyo msichana hawezi kufuta ubao kabla ajue ni upande gani. Hiyo ilifutwa na mtu anafanya vile nimesema. Na mtu wa kufanya vile nimesema alikuwa mmoja tu."

"Ulijua lini?"

"Hapo hapo. Nilisoma ile karatasi, nikaona mkono ni yangu. Nilikuwa nataka mpanguse unga." Akavuta pumzi, ikachukua muda kufika. "Sasa mtu akiona kosa ni yake, na watoto wanamwangalia, na ametoka hospitali. Gatwiri akasema ufunguo ni yeye. Alinirahisishia. Nikamfukuza mwenye aliuliza, nikabaki na mwenye hakuuliza."

Nilikuwa nimekuja na hatia moja, akanionyesha kwamba zilikuwa mbili na zililala kitanda kimoja miaka yote hiyo.

"Na sauti, Mwalimu," nikasema. "Unaikumbuka?"

"Nilikuwa nimeanza kusahau vile alikuwa anaongea. Nikawa nasikia ile ya kinanda tu. Hiyo wiki, hospitali, nilisema nikitoka nitawaambia ni nani, halafu nitanasa nakala." Akafumba macho. "Gatwiri aliniuliza mbona haina nakala. Nilikuwa nifanye siku hiyo aliniuliza."

Nikaanza kulia, na nikajichukia kwa kulia, kwa sababu nilijua nalia ili anihurumie. Nikamwuliza kama amenisamehe.

"Umemwambia Gatwiri?"

"Bado."

"Yuko wapi?"

"Laare. Ana watoto wawili. Anafunga miraa."

"Anapiga kinanda?"

"Hapana, Mwalimu."

Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya darasani, "Hiyo swali umeleta kwa nyumba si yake. Peleka Laare. Mwambie nilijua. Mwambie yote mbili, yako na yangu. Mimi sina miguu, wewe unayo."

"Nitaenda."

"Leo."

"Leo," nikasema, kama nilivyomwitikia kila kitu.

Akaniomba nimgeuze upande wa ukuta. Alikuwa mwepesi. Nikamgeuza, nikamfunika mabega, nikatoka nikamuaga dada yake.

Nilifika Meru saa tisa alasiri. Magari ya Maua na Laare yalikuwa yamepanga mstari, mengine karibu kujaa, na utingo mmoja alinishika mkono wa mkoba akiniuliza kama naenda. Jua lilikuwa bado juu. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na jina la soko na jina la mume wake. Nikamwambia utingo siendi, nikatembea hadi Kinoru, nyumbani.

Mwalimu alikufa kabla ya mvua. Tangu wakati huo nimerekodi kwaya nyingi sana, mbili kati yake za Laare kwenyewe, na zote mbili niliwaita waje mjini waimbie hapa. Gatwiri bado anaamini kwamba Mwalimu alikufa akimchukia.